Shule ya Watahiniwa 12: Namna ya Kusoma Ufaulu na Uandikishaji wa Mji Mdogo

Matokeo ya mtihani wa kuhitimu yanapotoka, mji mdogo wenye shule moja ya umma huwa na mada moja tu. Ufaulu umeshuka kutoka asilimia 75 hadi 50, na kabla ya jioni kila mtu amekwisha kupata sababu: mwalimu mkuu mpya ni mpole kupita kiasi, wazazi hawafuatilii, watoto wanashinda kwenye simu. Mwaka unaofuata asilimia inapanda tena, na sababu za kupanda nazo zinapatikana upesi vilevile. Mtu akiuliza watahiniwa walikuwa wangapi, anaonekana analeta ubishi. Kumbe walikuwa 12. Mwaka jana walifaulu tisa, mwaka huu sita. Kelele zote zile ni za watoto watatu.

Shule za umma huhukumiwa kwa takwimu mbili, ufaulu na uandikishaji, na mara nyingi zinatajwa kila moja peke yake, kana kwamba hazijuani. Katika shule ndogo haziachani hata kidogo. Asilimia ya ufaulu haina maana mpaka ujue ni nani waliingia darasa la kwanza, nani walitoka njiani na nani hawakuhesabiwa. Nitaanza na hesabu, kwa sababu ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, wakiwemo wanaolipwa kuisoma.

Bahati ina mkono mrefu

Chukulia shule ambayo haibadiliki kabisa. Walimu ni walewale, vitabu ni vilevile, na kila mtoto anayefika darasa la mwisho ana nafasi 60 kati ya 100 ya kufaulu. Watahiniwa wakiwa 12, tunatarajia wafaulu saba hivi. Lakini takriban mwaka mmoja katika kila sita watafaulu watano au pungufu, yaani asilimia 42 kwenda chini. Na takriban miaka miwili katika kila tisa watafaulu tisa au zaidi, asilimia 75 kwenda juu. Hakuna aliyezembea na hakuna aliyejituma zaidi. Mwaka mmoja mtoto aliamka na homa siku ya hisabati, mwaka mwingine maswali yaliangukia mada ambayo watatu wao walikuwa wameielewa vizuri.

Sasa ipe hali hiyohiyo shule ya watahiniwa 300. Ufaulu wake utabaki kati ya asilimia 54 na 66 katika miaka 19 kati ya 20. Mwanahisabati Abraham de Moivre, Mfaransa aliyehamia London, aliieleza kanuni hii tangu karne ya 18: kuyumba kwa wastani hupungua kwa kufuata kipeuo cha pili cha idadi. Ukitaka kuyumba kupungue kwa nusu, lazima watoto wawe mara nne. Mji mdogo hauna watoto hao, na hakuna mkakati wa elimu unaoweza kuwaleta.

Matokeo yake ni kwamba kila orodha inayopanga shule kwa ufaulu wa mwaka mmoja huweka shule ndogo kileleni, na shule ndogo nyingine ndizo zinazoburuza mkia. Mwaka 2002 wachumi Thomas Kane na Douglas Staiger walichapisha uchambuzi wa matokeo ya shule za North Carolina, Marekani, wakaonyesha hivyo hasa: shule ndogo zilijazana kwenye ncha zote mbili, na nyingi hazikukaa hapo mwaka uliofuata. Tuzo na adhabu zinazofuata ncha hizo, kwa hiyo, huangukia shule ndogo kuliko kubwa, na kwa sehemu kubwa zinagawiwa na bahati.

Kosa hili limewahi kugharimu fedha nyingi. Watu waliotazama vilele vya orodha waliona shule ndogo nyingi, wakahitimisha kwamba udogo wenyewe ndio dawa. Hawakuangalia chini ya orodha. Wakfu wa Bill na Melinda Gates ulikuwa miongoni mwa waliosukuma uanzishaji wa shule ndogo za sekondari Marekani, na katika barua yake ya mwaka 2009 Bill Gates mwenyewe alikiri kwamba nyingi kati ya shule walizofadhili hazikuinua ufaulu kwa kiwango cha maana. (Haki isemwe: tafiti za baadaye katika jiji la New York zilionyesha kwamba shule ndogo za huko ziliongeza idadi ya wanaohitimu. Udogo unaweza kusaidia. Orodha ya mwaka mmoja tu ndiyo isiyoweza kuthibitisha hilo.)

Kuna mtego mwingine unaofuatana na huo. Mwaka wa matokeo mabaya kupita kawaida, mara nyingi mwaka unaofuata huwa afadhali, kwa sababu bahati mbaya ya aina ile haijirudii kwa urahisi. Francis Galton aliuona mwenendo huu mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao. Shuleni unafanya kazi hivi: matokeo yanaanguka, mwalimu mkuu anahamishwa, matokeo yanapanda, na aliyemhamisha anaamini amepata tiba. Mwalimu mkuu aliyepewa shule baada ya mwaka mbaya ana nafasi nzuri ya kusifiwa. Aliyepewa shule baada ya mwaka mzuri kuliko yote, tumwonee huruma.

Kwa hiyo shule ya watahiniwa 12 isihukumiwe kwa mwaka mmoja. Jumlisha miaka mitano uwe na watoto 60, ulinganishe na mitano iliyotangulia. Hata hapo bado kuna kuyumba, ila angalau kuna kitu cha kushika.

Waliofanya mtihani, na wasiofanya

Bahati ni nusu ya habari. Nusu ya pili inahusu kile kinachowekwa chini ya mstari wa sehemu, yaani idadi tunayogawanyia.

Tuseme kuna shule mbili jirani. Zote mbili ziliandikisha watoto 40 darasa la kwanza mwaka mmoja. Shule ya kwanza ilifikisha watahiniwa 14, wakafaulu 12: asilimia 86, sherehe. Shule ya pili ilifikisha watahiniwa 30, wakafaulu 18: asilimia 60, kikao cha lawama. Lakini rudi kwa wale 40. Shule ya kwanza imewafikisha watoto 12 kati ya 40, asilimia 30. Ya pili imewafikisha 18 kati ya 40, asilimia 45. Shule iliyolaumiwa ndiyo iliyowatoa watoto wengi zaidi wakiwa wamefaulu, na kosa lake ni kuwabeba wanyonge mpaka siku ya mtihani.

Jambo hili si la nadharia. Shule inapopimwa kwa asilimia ya waliofaulu kati ya waliofanya mtihani, kuna njia mbili za kupanda. Moja ni kufundisha vizuri zaidi. Nyingine ni kupunguza wanaofanya mtihani: mtoto dhaifu anaambiwa akariri darasa, mtoro anaachwa apotee bila kuulizwa, mzazi anashauriwa kwa upole atafute shule nyingine. Njia ya pili ni rahisi na haihitaji bajeti. Donald Campbell, mwanasaikolojia wa jamii wa Marekani, alionya katika miaka ya 1970 kwamba kipimo kinachotumiwa kufanya maamuzi makubwa huvutia udanganyifu na kuharibu hata kazi kiliyowekwa kuipima. Nadhani neno udanganyifu ni kali kwa walimu wengi. Wengi wao hawadanganyi. Wanajibu tu swali waliloulizwa.

Upande wa pili wa jambo hilohilo huonekana milango inapofunguliwa. Malawi ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1994, na wanafunzi wakapanda kutoka milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2003, wakapanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Baada ya hatua kama hizo hufuata malalamiko kwamba elimu imeshuka. Sehemu ya malalamiko ni ya kweli kabisa, kwani madarasa yalifurika na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Lakini sehemu nyingine inatokana na hesabu, na inafaa kuonwa kwa namba ndogo. Shule ina wanafunzi 20 wenye wastani wa alama 60. Wanaingia 10 wapya ambao hawajawahi kushika kitabu, na mwisho wa mwaka wanapata wastani wa 35 baada ya kuanzia sifuri. Wale 20 wa zamani nao wamepanda hadi 62. Kila mtoto shuleni anajua zaidi ya alivyojua mwanzo wa mwaka. Wastani wa shule umeshuka kutoka 60 hadi 53.

Mji mdogo hupatwa na kinyume chake mara nyingi zaidi. Familia tano zenye uwezo zinawahamishia watoto wao shule ya mji mkubwa. Watoto hao ndio waliokuwa na taa ya kusomea usiku na mtu wa kuwauliza maswali nyumbani. Wastani unashuka, ingawa hakuna mtoto aliyebaki ambaye amezidi kudhoofika. Familia nyingine tano zinaona wastani umeshuka, nazo zinahama. Baada ya miaka michache ubashiri wa waliohama kwanza unakuwa kweli, na waliousababisha ni wao wenyewe. Hapa ndipo ufaulu na uandikishaji vinapolishana, na ndiyo sababu ninasisitiza visisomwe kando kando.

Mwaka 1966 serikali ya Marekani ilipokea ripoti ya mwanasosholojia James Coleman, iliyokusanya taarifa za wanafunzi zaidi ya 600,000. Ilionyesha kwamba tofauti za alama zilihusiana zaidi na hali ya nyumbani kwa mtoto kuliko na majengo na vifaa vya shule yake. Wabishi wamebishana nayo tangu siku hiyo, hasa kuhusu mchango wa mwalimu, ambao tafiti za baadaye zimeupa uzito mkubwa zaidi. Lakini onyo lake la msingi halijafutika: alama ya mwisho inakwambia pia mtoto alitoka wapi. Ukitaka kujua shule imefanya nini, pima alipoanzia na alipofikia, mtoto yuleyule.

Asilimia 108 ya watoto wako shuleni

Tukija kwenye uandikishaji, kwanza tuiondoe namba inayowachekesha watu. Taarifa rasmi huweza kusema uandikishaji wa shule za msingi umefikia asilimia 108. Inawezekanaje? Kiwango hicho cha jumla huchukua wanafunzi wote waliomo shuleni, wa umri wowote, kikawagawanya kwa watoto wote wa umri rasmi wa kuwa shuleni. Waliochelewa kuanza, waliokariri na walioanza mapema wote wamo juu, lakini chini hawamo. Kimani Maruge alipoandikishwa darasa la kwanza Kenya mwaka 2004, akiwa na miaka 84, aliingia katika hesabu ya juu kama mtoto mwingine yeyote. Kiwango halisi huhesabu wale wa umri unaostahili tu, na hakiwezi kuzidi 100. Mji unaweza kuwa na kiwango cha jumla cha 108 huku mtoto mmoja kati ya watano wa umri wa shule akiwa hajawahi kuingia darasani.

Halafu kuna swali la nani anahesabu. Fedha zinapofuata idadi ya wanafunzi, idadi hupata sababu ya kukua. Wanafunzi hewa huzaliwa hapo: mtoto aliyehama hafutwi kwenye rejista, na mtoro wa miezi sita bado anatiwa alama ya kuhudhuria. Justin Sandefur na Amanda Glassman walilinganisha takwimu za wizara na tafiti za kaya katika nchi kadhaa za Afrika, katika makala waliyochapisha mwaka 2015, wakakuta ongezeko lililoripotiwa na shule halikuonekana kwa kiasi hichohicho watu walipoulizwa majumbani mwao, hasa baada ya ruzuku kuanza kutolewa kwa kichwa cha mwanafunzi. Usikimbilie kumlaumu mwalimu mkuu. Ruzuku ya shule ndogo haitoshi kununua chaki hata majina yote yakiwa ya kweli.

Darasa la kwanza lina udanganyifu wake usiokusudiwa. Rejista inaonyesha watoto 40 darasa la kwanza na 30 darasa la pili, na mtu anasema kumi wameacha shule. Huenda hakuna aliyeacha. Kama kati ya wale 40 kuna kumi wanaokariri, basi wapya ni 30 tu kila mwaka, na 30 ndio wanaopanda. Kinachoitwa mdondoko ni foleni. Shule hiyo inahitaji msaada wa kusoma na kuandika katika miezi ya mwanzo, na kampeni ya kuwarudisha watoro haitaisaidia lolote.

Kupungua halisi kwa uandikishaji, kwa upande mwingine, hakupaswi kumshtua mtu yeyote. Watoto watakaoanza shule miaka sita ijayo wanazaliwa sasa, na watakaoanza kabla yao tayari wako kwenye kadi za kliniki. Mji ambao vijana wake wanaondoka kutafuta kazi utakuwa na wazazi wachache, kisha wachanga wachache, kisha darasa la kwanza dogo. Shule haikukosea popote katika mlolongo huo. Hata hivyo ndiyo inayoulizwa kwa nini inapoteza wanafunzi.

Na katika idadi ndogo, mtoto mmoja ana uzito wa ajabu. Israeli iliweka ukomo wa wanafunzi 40 kwa darasa, unaonasibishwa na Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12. Wanafunzi 40 ni darasa moja. Akija wa 41, yanakuwa mawili, la 20 na la 21. Joshua Angrist na Victor Lavy waliitumia ngazi hiyo katika utafiti wa mwaka 1999, wakapata kwamba madarasa yaliyopunguzwa namna hiyo yalipata alama bora, hasa darasa la tano. Katika mji mdogo ngazi za aina hii ziko kila mahali, kwa maana mwalimu, ruzuku na hata hadhi ya shule vimefungwa kwenye idadi fulani. Familia moja ikifunga mizigo, shule inaweza kupoteza mwalimu, na watoto waliobaki wakapata matokeo mabaya ambayo mwakani yataitwa uzembe.

Pendekezo la kuunganisha

Mwisho wa barabara hii ni pendekezo ambalo miji midogo mingi duniani imelisikia: shule ifungwe, watoto waende shule kubwa zaidi. Marekani ilikuwa na wilaya za shule takriban 117,000 mwaka 1940. Leo ni kama 13,000. Japani imefunga shule za umma zaidi ya 8,000 tangu mwaka 2002 kwa kukosa watoto. China ilianza mwaka 2001 kuunganisha shule za vijijini kwa kasi kubwa, idadi ya shule za msingi vijijini ikapungua kwa takriban nusu katika muongo mmoja, mpaka mwaka 2012 serikali ilipoagiza zoezi lisimamishwe kufuatia malalamiko ya umbali na usalama wa safari za watoto.

Hoja ya kuunganisha haina upuuzi. Shule ya watoto 60 inahitaji mwalimu mkuu, paa na choo kama shule ya watoto 300, na gharama hizo zikigawanywa kwa vichwa vichache kila kichwa kinakuwa ghali. Shule kubwa pia inaweza kuwa na mwalimu wa fizikia anayefundisha fizikia tu. Tatizo ni kwamba hesabu hii hufanywa kwa gharama za shule peke yake, na gharama ya mwendo huhamishiwa kwa familia, ambako haionekani kwenye kitabu cha mtu yeyote.

Umbali si jambo la pembeni. Dana Burde na Leigh Linden walichapisha mwaka 2013 jaribio walilofanya katika mkoa wa Ghor, Afghanistan, ambako baadhi ya vijiji vilipewa kila kimoja shule yake na vingine vikasubiri. Penye shule, uandikishaji ulikuwa juu kwa asilimia 42 za watoto wote kijijini. Kwa wasichana tofauti ilikuwa asilimia 52, kwa wavulana 35. Mazingira ya Ghor ni magumu kuliko ya miji mingi midogo, hilo ni wazi. Lakini mwelekeo wake unafahamika popote: njia ikirefuka, wa kwanza kubaki nyumbani ni msichana na mtoto mdogo. Shule iliyounganishwa inaweza kuonyesha ufaulu mzuri kwa sababu hao hawakufika hata kuandikishwa.

Na shule ndogo hailazimiki kuwa shule dhaifu. Colombia ilianza katikati ya miaka ya 1970 mfumo wa Escuela Nueva, ambamo mwalimu mmoja au wawili hufundisha madarasa yote ya msingi kwa vitabu vya mwongozo vinavyomruhusu kila mtoto kwenda kwa mwendo wake. Utafiti wa kulinganisha wa UNESCO katika Amerika ya Kilatini, uliotolewa mwaka 1998, ulikuta watoto wa vijijini Colombia wanawapita wa mijini, isipokuwa wa majiji makubwa kabisa. Mwalimu kushika madarasa matatu katika chumba kimoja kulipangwa, kukaandikiwa vitabu, na walimu wakafundishwa namna ya kufanya hivyo. Kwingineko mwalimu huachiwa madarasa hayo matatu na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya darasa moja, kisha anaulizwa asilimia.

Kabla mji haujapiga kura ya kufunga shule au kumfukuza mwalimu mkuu, kuna kazi moja ambayo udogo wenyewe unairahisisha. Asilimia hazifai kitu kwa watoto 40, lakini watoto 40 wanaweza kufuatwa kwa majina. Fungua rejista ya mwaka walioanza darasa la kwanza. Waliofanya mtihani ni 14. Tisa wamehamia shule nyingine, na ofisi ina barua zao za uhamisho. Sita bado wamo humuhumu shuleni, madarasa ya chini, wanakariri. Wanabaki 11 ambao rejista inaishia katikati ya ukurasa bila maelezo. Shule ya wanafunzi 2,000 ingehitaji watu na programu ya kompyuta kuwatafuta watoto hao. Hapa walimu wanne na mwenyekiti wa kamati wakikaa alasiri moja, kwa kila jina kutakuwa na mmoja wao anayejua nyumba ilipo.